Je, Wajua? Laptopu "iliyokufa" huenda imezimia tu

Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Songea ikiwa imeingia mpaka kwenye kucha, nilibeba laptopu yangu kama mtu abebaye mgonjwa, nikaingia nayo kwenye kibanda cha fundi jirani na Soko Kuu. Haiwaki. Nabonyeza, kimya. Umeme upo, LUKU ina yuniti, taa ya chaja inawaka. Kijana yule hakugusa hata bisibisi. Alichomoa chaja, akailaza mashine kifudifudi, akatoa betri, akakishikilia kitufe cha kuwashia huku akiendelea kubishana na mwenzake habari za mpira. Nusu dakika hivi. Akarudisha chaja peke yake, akabonyeza. Feni ikavuma.

"Haijafa hii, bosi," akaniambia. "Ilizimia."

Nilikaa pale mpaka jua la mchana nikimsumbua kwa maswali. Mengi ya yaliyomo humu yalianzia kwenye benchi lake. Mengine niliyafuata mwenyewe baadaye kwa udadisi tu.

Je, wajua kwa nini kushikilia kitufe kunaweza kuifufua mashine? Laptopu hailali kabisa hata ukiizima. Ndani yake kuna chipu ndogo inayokesha kama mlinzi wa usiku. Ndiyo inayosikiliza kitufe, inayosimamia kuchaji betri na inayoamuru feni izunguke. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mlinzi huyo anaweza kuduwaa: unabisha hodi, yumo ndani, hafungui. Ukiondoa chaja na betri kisha ukashikilia kitufe, chaji iliyobaki kwenye kapasita za bodi inakwisha, mlinzi analala usingizi wa kweli, na umeme ukirudi anaamka upya. Laptopu zenye betri iliyofichwa ndani zinasumbua kidogo, ingawa ThinkPad nyingi zina kitundu mgongoni ambacho watu hudhani skrubu yake imepotea. Ni cha kuingiza ncha ya klipu ya karatasi, ubonyeze taratibu, kazi iwe ileile.

Je, wajua kwamba Songea iliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 tu? Kabla ya laini ya kilovolti 220 kufika kutoka Makambako, mji uliishi kwa majenereta ya dizeli, na kuanzia 2015 ukaongezewa nguvu na mtambo wa maji wa Tulila, wa megawati 5, kwenye Mto Ruvuma. Wenye mtambo huo ni watawa: masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Kwa hiyo ziko laptopu za mji huu zilizochajiwa kwa umeme wa masista, na sijui miji mingine mingi ya kujivunia hilo.

Umeme mdogo, tunaoulaumu kwa kila kitu, si adui mkubwa wa laptopu. Geuza chaja yako usome maandishi madogo: 100–240V. Maana yake, hata umeme wa nyumbani, ambao kwetu ni volti 230, ukishuka mpaka taa zifanane na mshumaa, chaja bado inaumeza. Kinachoua ni kishindo cha kurudi, na radi. Huku mvua zikishaanza kati ya Novemba na Desemba haziachi mpaka Aprili, na ngurumo zake mnazijua. Kinga ya bei nafuu kuliko zote ni mkono wako: umeme ukikatika, chomoa, ukirudi, subiri dakika chache ndipo uchomeke.

Umewahi kutekenywa na laptopu? Zile zenye gamba la chuma, ukipitisha kiganja juu yake ikiwa inachaji, unahisi kitu kinatetema chini ya ngozi. Wengi husema ina shoti. Ndani ya chaja kuna kapasita ndogo zinazounganisha upande wa umeme mkubwa na upande wa kutokea, kazi yake kutuliza makelele ya umeme. Zinavujisha mkondo mdogo sana, chini ya miliampia moja, ambao ulitakiwa ushuke ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Sasa nyumba yenyewe haina ethi, au ekstensheni uliyonunua mnadani ina tundu la tatu la urembo tu. Mkondo unatafuta njia nyingine, na njia yenyewe ni wewe uliyesimama peku kwenye saruji. Mtekenyo huo si ugonjwa wa laptopu, ni habari za nyumba. Ila ikikurusha mkono, hiyo ni kesi tofauti: chaja hiyo usiiguse tena.

Je, wajua kwamba kuna chaja zenye kitambulisho? Tazama ncha ya duara ya chaja ya Dell. Katikati kuna pini nyembamba kama sindano ya cherehani. Haipitishi umeme wa kuchaji hata kidogo. Kupitia pini hiyo, chipu iliyomo ndani ya chaja huitajia laptopu nguvu yake: wati 65, au 90, au 130. Pini ikipinda, au kijiwaya chake kikikatikia shingoni pale watu wanapopenda kukunja waya, laptopu inakubali kuwaka lakini inagoma kuchaji betri, tena inatembea polepole kwa makusudi. Kuna mtu alinunua betri mpya, hali ikawa ileile, akanunua ya pili. Ugonjwa ulikuwa kwenye sindano.

Na hapo ndipo nilipomwelewa yule kijana. Utaratibu wake ulikuwa wa kutoka nje kwenda ndani, na kutoka kwenye kitu cha shilingi chache kwenda kwenye cha laki. Kabla hajaituhumu betri, anaazima chaja. Kabla hajaituhumu bodi, anachomoa kila kinachochomoka. Fundi wa kubahatisha utamjua kwa sentensi yake ya kwanza: "Madabodi imekufa hii." Ameionaje, na kifuniko hakijafunguliwa?

Kabla ya skrubu yoyote, hesabu taa. Laptopu isiyoweza kuonyesha kitu kwenye kioo bado inaweza kusema kinachoiuma. Kwenye Dell nyingi za miaka ya karibuni taa ya betri hupepesa kwa rangi mbili: mara kadhaa rangi ya machungwa, halafu mara kadhaa nyeupe, inapumzika, inarudia. Mbili kwa moja, malalamiko ni ya prosesa. Mbili kwa tatu, haijaona ramu. Tatu kwa moja, kabetri ka saa. HP nazo hupepesa taa ya herufi kubwa kwenye kibodi, na mashine za zamani hupiga milio. Watu wengi huona taa zikichezacheza, wanazima kwa hasira. Chukua kalamu uandike hesabu. Umeshamfanyia fundi nusu ya kazi.

Je, wajua kwamba kifutio cha penseli ni zana ya fundi kompyuta? Mashine inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi tii: mara nyingi ni ramu. Yule kijana alitoa kipande cha ramu cha mteja mmoja, akakielekeza mwangani. Kilikuwa na meno madogo yaliyopakwa dhahabu, na juu ya dhahabu utando wa kijivu ambao ungeudhania ni kivuli tu. Akayasugua kwa kifutio laini, taratibu, upande mmoja kisha wa pili, kama mama anayemfuta mtoto mafua. Akapuliza chembe, akapangusa kwa pamba yenye spiriti, akaipachika tena mpaka ikalia "tak". Kioo kikawaka. Kabla ya kuishika aligusa kwanza chuma cha benchi, na hilo nalo lina sababu. Wakati wa kiangazi mwili hubeba umeme tuli, na kwa kawaida binadamu huuhisi ukifika kama volti 3,000. Chipu inaweza kufa kwa volti chache kuliko hizo, nawe usihisi lolote.

Kioo cheusi kina mtego mwingine. Ukiona hakina kitu, washa tochi ya simu, ukimulike kwa mshazari. Ukiona picha hafifu kwa ndani kama kivuli majini, basi kioo kinachora vizuri, kilichokufa ni taa yake ya nyuma. Usipoona kitu, unganisha laptopu na televisheni ya sebuleni kwa waya wa HDMI. Televisheni ikionyesha picha, bodi ni nzima, na mtu anayetaka kukuuzia bodi mwambie ahsante. Mara nyingi tatizo ni utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba, ambao hukunjwa kila unapofungua na kufunga. Njia ya kuutambua ni kuchezesha kifuniko taratibu: picha ikija na kuondoka, umempata mwizi.

Je, wajua kwamba kabetri kanakofanana na sarafu kanaweza kukufungia intaneti? Kanaitwa CR2032: upana milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Kazi yake kuu ni kulinda saa mashine ikiwa haina umeme. Kakichoka, kila ukiwasha tarehe inarudi miaka mingi nyuma. Tovuti za benki, barua pepe na serikali huthibitisha utambulisho wao kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani bado ni 2012 inaviona vyeti hivyo kama havijaanza kutumika, inakataa kufungua. Mwenyewe ananunua bando jingine, anabadilisha laini ya simu, anaulaumu mtandao. Dawa yake iko kwenye duka linalouza betri za saa.

Kuhusu betri kubwa sitaki utani. Betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia kampuni ya Sony, na mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi iliyozizaa. Goodenough alikuwa na miaka 97, hajapata kutokea mshindi wa Nobel mwenye umri mkubwa kuliko yeye. Zikizeeka, baadhi hutoa gesi ndani na kuvimba kama chapati kikaangoni. Dalili ya kwanza haionekani kwenye betri. Utasikia mteja akisema tachipedi imekuwa ngumu, haibonyezeki, au laptopu haitulii mezani, inayumba. Fundi asiyejua atabadilisha tachipedi. Anayejua atafungua tumbo na kukuta betri imeisukuma kutoka chini. Betri ya namna hiyo haitobolewi "ipumue", haikandamizwi kwa kifuniko, haichajiwi tena.

Je, wajua kwamba laptopu yenye diski ya kuzunguka haikutengenezwa kufanya kazi kileleni Kilimanjaro? Ndani ya diski hizo kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kinachokishikilia juu ni hewa yenyewe inayosukumwa na mzunguko wa sahani. Ndiyo maana diski nyingi zimepangiwa mwisho wa mwinuko, kama mita 3,048, kwa kuwa hewa ikiwa nyepesi mno kichwa hushuka na kukwaruza. Songea, yenye mita elfu moja na mia moja na ushee, haina shida. Kibo, kilele hicho cha Kilimanjaro, ina mita 5,895. Diski za SSD hazina kinachozunguka, hizo panda nazo upendavyo. Na ukiwa hapahapa Songea diski ikianza kulia "tik, tik, tik", usiizime na kuiwasha kujaribu bahati: nakili vilivyo muhimu saa hiyohiyo, maana kila sekunde unayopoteza ni picha za harusi za mtu.

Diski pia ndiyo hupotezea watu pesa kwenye "kupiga Windows". Mashine nzito inapigwa Windows mpya, inachangamka wiki mbili, inarudi ilikotoka, inapigwa tena. Kubadilisha diski ya zamani kwa SSD hutibu mara moja ugonjwa ambao Windows tano haziutibu.

Mdudu wa kompyuta je? Septemba 9, 1947, mafundi wa mashine ya Harvard Mark II huko Marekani walikuta nondo amebanwa kwenye rilei, mashine imekwama. Wakambandika kwa utepe kwenye daftari la kazi, na daftari hilo liko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian mpaka leo, nondo akiwemo. Wahandisi walikuwa wakiita hitilafu "mdudu" tangu enzi za Edison, lakini hapo alipatikana wa kweli. Kwetu habari hiyo haishangazi. Anayefungua laptopu iliyolala stoo msimu wa mvua hukuta mende aliyekauka, sisimizi na mayai yao, na siku nyingine mjusi. Joto dogo la mashine ni nyumba nzuri kwao.

Joto hilo linanileta kwenye jina la laptopu. Kiswahili cha Tanzania kinaiita kompyuta mpakato, kwa sababu unaipakata kama mtoto. Kenya wakaongeza tarakilishi wakapata kipakatalishi. Majina mazuri, ila ushauri mbaya. Laptopu nyingi huvuta hewa kwa chini, na ukiipakata, au ukaiweka juu ya godoro, au, kama tufanyavyo Juni na Julai, ukaingia nayo ndani ya blanketi, umeiziba pua. Prosesa nyingi zimepangiwa kikomo cha karibu nyuzi 100. Zikifika hapo hujipunguza kasi, na hali ikizidi huzima ghafla kujiokoa. Fikiria hivi: kwa mwinuko wa Songea maji ya chai huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Prosesa iliyozibwa inaweza kuwa ya moto kuliko birika.

Fundi alinionyesha laptopu yangu ilivyozibwa. Kati ya feni na mapezi ya shaba palikuwa na blanketi dogo la kijivu, limeshikamana kama sufi, ukilivuta linatoka zima. Vumbi jekundu la kiangazi, nyuzi za nguo, nywele. Alilitoa kwa kibano, kisha akapuliza huku amezuia feni kwa kijiti cha meno isije ikazungushwa kupita kiasi. Akapangusa ile dawa ya kupitishia joto juu ya prosesa, iliyokuwa imekauka kama ugali wa jana, akapaka nyingine, kidogo, ukubwa wa punje ya mbaazi.

Chai ikimwagika juu ya kibodi, mchele hausaidii. Si wa Kyela, si wa popote. Apple wenyewe waliwahi kuwaonya wateja wasizike simu kwenye mchele, kwa kuwa vumbi lake linaweza kuharibu zaidi. Maji safi kabisa hayapitishi umeme vizuri. Kinachoua bodi ni chumvi na sukari zinazobaki, na umeme unaoendelea kupita humo. Kwa hiyo zima papo hapo, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, igeuze kama hema ili kimiminika kisishuke ndani zaidi, uipeleke ikafunguliwe na kuoshwa kwa spiriti kali isiyo na maji mengi. Kosa kubwa la watu ni kuiwasha "kuangalia tu kama bado ipo".

Je, wajua kwa nini pasi ya kulehemu iliyotengeneza redio za baba zetu inashindwa kwenye bodi ya leo? Lehemu ya zamani ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Tangu Julai 1, 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, viwanda vya dunia vikafuata, na lehemu iliyochukua nafasi huyeyuka kwenye nyuzi 217 na kuendelea. Zaidi ya hapo, bodi ina tabaka nyingi za shaba zinazonyonya joto. Fundi mwenye pasi ndogo akikazana, anabandua njia za shaba kabla lehemu haijalegea. Tundu la chaja lililolegea ni kazi ndogo kwa mwenye pasi ya kurekebisha joto, na ni kaburi la laptopu kwa asiyenayo. Muulize kama anayo kabla hajaanza. Chuo cha VETA kipo hapa Songea, na vijana wanaojua tofauti hiyo wapo.

Mashine hizi zimetoka mbali. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500. Hesabu za serikali zilipovurugika kwenye mashine, mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo zinaingia kwa makontena, nyingi zikiwa zimeshatumika Ulaya na kwingineko, na duniani mwaka 2022 peke yake zilizalishwa tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme. Mashine inayofufuliwa kwa kifutio kwenye kibanda cha Songea ni moja iliyochelewa kufika jalalani.

Nilimlipa kijana elfu kumi kwa kusafisha. Kwa kuifufua hakutaka kitu. Wewe ukienda kwa fundi wako, mweleze jambo la mwisho lililotokea kabla ya mashine kuzima, hata kama ni aibu, hata kama ni uji wa mtoto. Nakili mafaili yako kwanza. Na akikuambia amebadilisha kipuri, mwombe akupe kile cha zamani mkononi.